Unga Mweupe wa Nguzo ya Kumi na Saba

Bariadi,
6 Septemba 1976

Kwa mtani wangu Maftaha, Mzaramo, mla nazi, mtu asiyejua maziwa yanatoka upande gani wa ng'ombe,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana siku hizi nasikia kusimama umewaachia walio chini yako. Mimi sijambo, ukiondoa magoti. Nina miaka arobaini na minane na bado napanda nguzo. Wewe una arobaini na saba, uko Mwanza, karakana kuu, umeandikwa mlangoni "Mkaguzi wa Laini". Na pale chuoni tulijua wote nani alikuwa ananakili majibu ya nani.

Sasa nisikilize, nina hasira.

Alhamisi waya ulikatika nguzo ya kumi na saba. Ni ile laini yetu, mimi na wewe tuliyoijenga mwaka 1973, inayotoa umeme kwenye jenereta ya jineri ya pamba na kuupeleka kwenye pampu ya maji ya kijiji cha Mwabusiya. Pampu ikafa. Tangi likakauka siku ileile, na wewe unajua Septemba ya huku ilivyo. Watu na ng'ombe wanagombea shimo moja. Watu wakataka kujua nani kafanya, na Ijumaa asubuhi wakampata. Wamemkamata namhala Mayala, yule mzee mrefu aliyetupa maziwa ya mgando tulipokuwa tunachimba mashimo ya nguzo. Yuko mahabusu wilayani. Wanamwita mhujumu.

Unataka kujua ushahidi? Wa kwanza, boma lake la zamani liko karibu na nguzo ile, na mwaka juzi watu walipohamishiwa kijijini yeye alikuwa wa mwisho kuhama. Shigela, katibu wa kijiji, hajamsahau. Wa pili, mkewe Nyanjige amevaa ndodi. Ndizo zile bangili za waya mwembamba kama uzi, tele mkononi, mama zetu wote wamevaa. Polisi akaziona zinang'aa, akasema waya wa serikali huo hapo. Maftaha, waya uliokatika ni wa aluminiamu, mweupe, mnene kama kidole changu cha mwisho. Ndodi ni za shaba, na yule mama alizivaa siku ya kuolewa, mimi na wewe tukiwa bado tunatafuta meno.

Jumamosi nikapanda mwenyewe. Waya uliokatwa kwa koleo huwa na ncha safi. Huu ncha yake imesambaratika kama mswaki wa mzee. Nyuzi za aluminiamu zimeliwa, zimebaki unga mweupe, ukigusa unabaki vidoleni kama unga wa mhogo. Ule moyo wa chuma ulio katikati umevimba kwa kutu. Na ulaji wote umeanzia kwenye kibano, pale waya wa shaba ulioachwa na Wahindi wenye jineri unapokutana na aluminiamu yetu. Shaba iko juu, aluminiamu chini. Umande na mvua vinaiosha shaba, maji yale yanadondokea aluminiamu, na aluminiamu inaisha polepole kama sabuni. Hayo tulifundishwa wote. Pale palitaka kibano cha nyuso mbili, upande mmoja shaba, upande wa pili aluminiamu, na grisi ya kutosha. Niliviomba mwaka 1973. Nikaviomba mwaka 1974. Nikaviomba mwaka jana. Kila mara mlinijibu: tumia vilivyopo.

Waya huu haukukatwa na mtu. Umeliwa. Andika hilo kwenye karatasi yenye muhuri, uipeleke wilayani. Mimi ni fundi wa kupanda, domo langu halifiki kwa hakimu. Lako linafika.

Ni mimi mtani wako,
Thomasi Bundala


Mwanza,
15 Septemba 1976

Kwa Thomasi, mla michembe ya viazi, mtu anayeweka akiba ya ugali shavuni,

Barua yako imefika na vumbi lake lote. Nilipoifungua nilisikia ng'ombe.

Pole kwa magoti. Ungekula kidogo, nguzo zisingekuona mzigo. Na kuhusu nani alinakili majibu ya nani, mimi nakumbuka mtu mmoja mkubwa aliyekaa nyuma yangu akapumulia shingo yangu mwaka mzima.

Hilo la waya nimelielewa, na mzee Mayala namkumbuka, na maziwa yake pia, yaliniharisha siku mbili. Lakini mtani, twende kitaalamu. Mkaguzi haandiki taarifa ya waya ambao hajauona. Kata kipande chenye hiyo ncha, kifunge pamoja na kibano chenyewe, nitumie kwa treni kutoka Malampaka. Nikikiona nitaandika.

Mpaka hapo, usiwaambie polisi chochote. Wataalamu wawili wakisema maneno mawili, hakimu atawacheka wote. Na nikukumbushe jambo moja kwa upendo. Kile kibano kilikazwa na mkono wa nani? Nakumbuka mimi nilikuwa chini nimeshika kamba. Ukisema leo kwamba laini imekatika kwa sababu ya kibano, swali litakalofuata ni aliyekifunga ni nani, na alijua au hakujua. Sikutishi. Nakupenda, ndiyo maana nakwambia.

Wasalimu wote, hasa wale wenye pembe.

Maftaha Mashaka


Bariadi,
20 Septemba 1976

Kwa Maftaha, ngoma tupu,

Kweli nilikikaza mimi. Kwa spana yangu, na nilikikaza vizuri sana, ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Nilijua si kibano chake. Nilikwambia pale pale nikiwa juu, ukanijibu kutoka chini, "Kaza tu, vingine vinakuja." Nikakaza. Mimi nikiambiwa kaza, nakaza. Mama yangu aliniona tangu utotoni akasema huyu hatakuwa chifu.

Kipande nimekipeleka mwenyewe Malampaka leo, kwa lori la pamba, juu ya marobota, nimetoka na pamba mpaka puani. Nimekifunga kwenye gunia pamoja na kibano, na ule unga mweupe nimeukusanya kwenye kikopo cha tumbaku ili usipotee. Nimemkabidhi karani wa vifurushi, dada mmoja makini sana aitwaye Klementina, akanipa namba 212. Ameniuliza ndani kuna nini. Nimemwambia kuna mzee wa watu.

Ngoja nikueleze yanayoendelea huku, nawe ukasirike kidogo, usiniache nikasirike peke yangu.

Nyanjige alikuja kwangu wiki iliyopita. Mikono mitupu. Polisi walimvua ndodi zote kwa maji ya sabuni, wamezifunga kwenye bahasha, wanaziita vielelezo. Ngozi ya mkono pale zilipokaa imekuwa nyeupe kama ya mtoto mchanga, na anaificha chini ya kitenge kama mtu aliyevuliwa nguo. Hakulia. Aliniuliza, "Fundi, wewe si ndiye unayeujua huo waya?" Nikamwambia najua. Akaniuliza, "Sasa?" Nikamwambia tunasubiri Mwanza. Akaitikia kwa adabu, akaniachia viazi, akaondoka. Viazi vyenyewe sijavigusa.

Halafu Shigela. Nilimwonyesha ule unga, nikamweleza kwa nusu saa nzima shaba na aluminiamu zinavyogombana. Alinisikiliza, akatingisha kichwa, akasema, "Fundi, unajua baba yake Mayala alikuwa mfumu?" Nikamwambia najua, alikuwa mganga. Akasema, "Basi. Hiyo ni dawa. Ameipaka." Mtu amepewa semina tatu za siasa na moja ya kilimo cha kisasa, anakwambia waya umerogwa. Nikamuuliza Mayala alipandaje nguzo ya futi thelathini kwenda kupaka dawa na umri ule. Akasema, "Hao hawapandi."

Tena anataka maji, na maji kweli yanatakiwa, watoto wanaharisha. Kwa hiyo nimeunganisha. Nimeunganisha kwa nini? Kwa kibano kingine cha shaba kama kilekile, maana sina kingine. Kwa hiyo pampu inanguruma, tangi limejaa, mhalifu mwenyewe nimemrudisha juu ya nguzo akaendelee na kazi, na mzee wa watu yuko ndani.

Andika hima.

Thomasi


Mwanza,
4 Oktoba 1976

Kwa Thomasi, tembo wa Bariadi,

Hamjambo huko. Sisi tunaendelea na shughuli.

Kuhusu kifurushi, mtani wangu, bado hakijafika. Nimetuma mtu stesheni mara mbili. Treni unazijua, gunia linaweza kupitiliza Tabora likarudi likiwa na mvi. Tuvute subira. Bila kipande siwezi kusema lolote la uhakika, na inawezekana kabisa waya ulikuwa umechakaa kidogo halafu mtu akamalizia kwa kukata. Hayo hutokea. Ukiulizwa, sema chanzo kinachunguzwa. Ni kauli nzuri, haimuumizi mtu.

Usijitie presha mno. Mayala ni mtu mzima, na mahabusu wanakula. Nasikia mwezi ujao wanateua mkuu mpya wa karakana, na jina langu limetajwa, kwa hiyo ofisi sasa ina macho mengi. Nikikaa vizuri hapo juu, vibano vyako nitakutumia gunia zima.

Punguza ugali.

Maftaha


Bariadi,
12 Oktoba 1976

Ndugu Maftaha Mashaka,
Mkaguzi wa Laini,
Karakana Kuu, Mwanza.

Ndugu,

YAH: KIFURUSHI NAMBA 212

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 4 Oktoba 1976.

Tarehe 9 Oktoba nilikwenda stesheni ya Malampaka kuuliza habari za kifurushi kilichotajwa hapo juu. Karani wa vifurushi alinionyesha hati ya mapokezi iliyorudishwa kutoka Mwanza. Kifurushi kilipokewa tarehe 23 Septemba. Kilichukuliwa na mtu mmoja, ambaye hakutuma mwingine. Saini ni yako. Naifahamu, kwa kuwa iko kwenye barua zote tatu za kuniambia nitumie vilivyopo.

Mayala Salu ana siku arobaini leo tangu akamatwe. Kesi yake itatajwa tarehe 1 Novemba.

Naomba taarifa yako.

Uhuru na Kazi.

T. Bundala
Fundi wa Laini


Mwanza,
19 Oktoba 1976

Thomasi,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta tusi. Nimeigeuza nyuma. Nimeangalia ndani ya bahasha. Hata "mla nazi" moja hukuniwekea. Umeniita Ndugu, ukaniandikia Uhuru na Kazi kama mtu unayemfahamu ofisini tu. Kwetu mtani akiacha kukutukana ujue ameshakuzika. Nilikaa na karatasi ile mezani, mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Gunia liko kwenye mtoto wa meza yangu, mkono wa kulia. Lilifika tarehe uliyosema. Nililifungua siku ileile, nikauona ule unga kwenye kikopo cha tumbaku, nikalifunga tena. Sikuhitaji hata kuvaa miwani.

Nikwambie na yale usiyoyajua, maana ukiyasikia kwa wengine itakuwa mbaya zaidi. Vibano vya nyuso mbili vilikuja. Julai 1974, kumi na viwili, na karatasi yake imeandikwa Mwabusiya. Wiki ileile tukaambiwa wageni wanakuja, uwanja wa maonyesho uwake taa, pasionekane waya hata mmoja umefungwa ovyo. Nikavipeleka huko. Nilijiambia ni vya muda. Taa ziliwaka siku nne. Vibano vikabaki kule juu vinashika nyaya zisizo na umeme, miaka miwili sasa. Na kila mwaka, kwenye taarifa ya ukaguzi, nimeandika laini ya Mwabusiya ni nzima. Sijakanyaga huko tangu siku tuliyomaliza kuijenga. Niliandika "nzima" kwa sababu wewe uko huko, na wewe hukazi kitu kikalegea.

Na lile la mkono wa nani ulikaza. Nililiandika nikijua litakufunga mdomo. Hapo sina cha kujitetea.

Leo nimeandika taarifa. Nimesema waya umeliwa, nimesema umeliwa na nini, nimesema vibano vilikwenda wapi na kwa saini ya nani. Nimeituma kwa hakimu kwa rejista, pamoja na kipande na kibano, nakala kwa polisi, nakala kwa mkuu wangu. Mkuu ameisoma. Akaniuliza kama nina homa. Hilo jambo la mwezi ujao limekwisha, tusiliongelee.

Jana nilikwenda uwanja wa maonyesho na ngazi. Sikumwambia mtu. Nimepanda nguzo mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwaka 1973, na nguo imechanika mahali nisipoweza kupaandika. Mlinzi alikuwa chini ananicheka. Nimevivua vyote kumi na viwili. Viko kwenye kifurushi namba 340, na kopo la grisi. Safari hii niliyekipeleka stesheni ni mimi.

Nitukane kidogo, ukipata nafasi.

Maftaha


Bariadi,
5 Novemba 1976

Maftaha, mla nazi,

Nimekuandikia hilo kwa kuwa umeliomba. Bado halijanitoka vizuri.

Kifurushi 340 kimefika kamili. Nguzo ya kumi na saba nimeifungua yote, nimesugua aluminiamu kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, nimepaka grisi, nimegeuza kazi nzima ili aluminiamu iwe juu na shaba chini, kama tulivyofundishwa. Nimekwenda na nguzo nyingine tano ambazo ule unga ulikuwa umeanza. Ya ishirini na moja ingekatika kabla ya Krismasi. Sijui wangemkamata nani.

Kesi imetajwa Jumatatu. Taarifa yako ilisomwa yote, nami nikaitwa kueleza. Hakimu alikishika kile kipande, akakikunja kidogo, nyuzi mbili zikavunjika zenyewe mkononi mwake. Akakiweka chini haraka kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Akamwambia Mayala, "Huna kesi, nenda." Akaita kesi nyingine. Hayo ndiyo maneno yote aliyopewa mzee yule. Hakuna aliyesema pole. Ndodi zilirudishwa ndani ya bahasha ileile, zimejikunja vibaya, haziwezi kuvalika tena. Na jana kwenye mkutano wa kijiji Shigela amesimama akamtaka Mayala aishukuru serikali kwa kutenda haki. Mayala alisimama. Akasema, "Nimesimama," akakaa.

Niliondoka pale na hasira zangu. Njia nzima nilikuwa natunga barua hii. Nilikuwa na maneno ya Shigela, ya polisi, na wewe nilikuwekea ukurasa mzima.

Leo asubuhi Mayala amekuja kwangu. Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Nilimpa kiti, akakataa, akakaa kwenye ile mbao ninayochongea. Nikaanza kumweleza. Nilimwambia habari za vibano, za maonyesho, za saini yako, nikakusema vizuri sana, Maftaha, ungenisikia ungelia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza, "Fundi, wewe ulijua siku gani?"

Nikamwambia Jumamosi. Nilipopanda.

"Mimi walinichukua Ijumaa."

Nikamwambia ndiyo, baba.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, Kisukuma. Alipomaliza vidole vyake akaazima vyangu. Zikafika hamsini na tisa. Akasema, "Ile Ijumaa nawapa polisi, walikuwa hawajui. Hizi hamsini na nane ni zako na mwenzako wa Mwanza. Mgawane." Akaondoka. Hakuwa na hasira, ndiyo maana hasira yangu yote haikupata pa kukaa.

Basi nimechukua karatasi nigawe. Nilidhani ni kazi rahisi. Kuanzia tarehe 23 Septemba, kifurushi kilipofika mezani kwako, nikaandika: za Maftaha. Nikafurahi, zilikuwa nyingi. Halafu nikakumbuka kitu ambacho sikukuandikia. Lori la kwenda Malampaka hupita wilayani. Tarehe 20 Septemba lilisimama pale kuchukua maji, mbele ya kituo cha polisi. Nilikaa juu ya marobota, gunia liko magotini mwangu, kipande kiko ndani, kibano kiko ndani, unga uko kwenye kikopo. Nikanunua chai kwa mama wa pale, nikainywa nikitazama mlango wa mahabusu. Tarehe 9 Oktoba lilisimama tena. Nikanywa tena chai. Mara zote mbili nilijiambia nasubiri Mwanza, na mara zote mbili nilikuwa nafikiria spana yangu na swali lako la nani alikaza.

Kwa hiyo kila siku ninayotaka kuiandika jina lako, na mimi nimo. Nimefuta, nimeanza upya, nimefuta tena, karatasi imetoboka.

Sijaweza kugawa. Njoo Bariadi, uje kwa treni mpaka Malampaka, nitakupokea. Lori likisimama wilayani tutashuka wote wawili, halafu tutakwenda kwa Mayala, na wewe utahesabu mbele yake.

Thomasi